Nakala Moja Haitoshi

Kumbuka, ewe msomaji, kesi ya Dedan Kimathi, iliyosikizwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na maandishi ya kesi yake yakadhaniwa miaka mingi kuwa yamepotea, hata yakachapishwa kitabuni mwaka 2017. Ikiwa karatasi nzito namna hiyo zaweza kufichika, hesabu za duka la baba yako Karatina zitasalimikaje katika kompyuta moja? Basi nakili kwa zamu: Jumatatu diski ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano ya tatu, kisha urudie ya kwanza. Kosa la leo halitaharibu nakala ya juzi. Na diski moja ikae Nanyuki, mbali na moto na mwizi. Maana asiye na daftari hadai.