Miti Iliyokuwa Hati za Wapare

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima ardhi wilayani Same. Nikitandaza ramani yangu kijijini, kuanzia Mbaga hadi Vudee, wazee waliitupia jicho moja, kisha wakanionyesha miti. Mkuyu ule juu ya chemchemi ni mwisho wa eneo la ukoo fulani. Masale yale yaliyopandwa kwa mstari ni mpaka wa ndugu wawili waliopatanishwa.

Upareni mti ulikuwa ushahidi. Ukoo uliotangulia kufika mahali ulijitengea kijisitu, mpungi, ukatunza humo mafuvu ya wazee wake, na hapo ndipo ulipotambika mvua ikichelewa. Msitu wa jando uliitwa mshitu. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyechapisha historia ya siasa za kwao mwaka 1969, anaeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapindua wahunzi Washana kule Ugweno, kisha ukaufanya mshitu kuwa nguzo ya utawala wake. Kwa hiyo aliyeingiza shoka kwenye mpungi alikuwa ameudhi mizimu na kuchana hati ya ukoo kwa pigo moja. Naamini hofu ya pili ililinda miti kuliko ya kwanza.

Milima ya Upare ilinufaika. Same mjini ni pakavu, kwa kuwa milima inazuia mvua itokayo baharini. Maji ya bondeni hutegemea misitu ya juu, hasa Shengena yenye kilele cha mita 2,462. Wakulima huyakusanya usiku kwenye ndiva, bwawa la udongo, na kuyafungulia kwa zamu asubuhi. Mikuyu nayo haizai yote kwa wakati mmoja, hivyo ndege na nyani hupata tini hata miti mingine ikiwa mitupu, nao husambaza mbegu mbali.

Halafu ushahidi ukahama. Waadventista walifika Giti mwaka 1903, Walutheri wakajenga Mbaga, na waliobatizwa wakaacha kutambika. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaleta hati ya hakimiliki ya kimila, karatasi yenye muhuri ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapimia watu mashamba ili waipate. Karatasi hiyo imempa mjane nguvu ya kumkatalia shemeji anayetaka kumpora shamba, na sitaki irudi ilikotoka. Ila mti ulipoteza kazi yake. Mpungi usiokuwa ushahidi wa kitu chochote ukageuka mbao, kuni na shamba la mahindi.

Ndiyo maana sishawishiki na mabango ya "Panda miti" peke yake. Mche hauna mwenyewe wa kuutetea. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji, hata kikundi cha wanakijiji, kutenga msitu wake wa hifadhi. Basi mipungi iliyosalia ipimwe, iandikwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na ukoo husika utajwe kuwa mlinzi wake pamoja na kamati ya maji. Muumini wa leo halazimiki kutambika. Anahitaji tu kujua kwamba mkuyu ukianguka, kuna mtu atakayeitwa mbele ya mkutano wa kijiji kujieleza.