Mwigizaji Kama Mtunzi: John Kani Katika Tamthilia na Filamu

Uhakiki wa tamthilia aghalabu huanzia kwenye matini: mtunzi huandika, mwelekezi hufasiri, mwigizaji hutamka. Utaratibu huu haumfai John Kani wa Afrika Kusini, kwa sababu tamthilia mbili zilizompa umaarufu hazikuwako kama matini kabla ya yeye kuziigiza.

Kani alizaliwa New Brighton, mtaa wa Waafrika wa Port Elizabeth, na mwaka 1965 akajiunga na kundi la Serpent Players. Kwa muda alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha magari cha Ford. Sheria za makaburu hazikuutambua uigizaji kuwa ajira ya Mwafrika; hivyo yeye na mwenzake Winston Ntshona waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Athol Fugard. Twaweza kusema kwamba uhusika wao wa kwanza waliuigiza mbele ya karani wa serikali.

Sizwe Banzi Is Dead ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cape Town mwezi Oktoba 1972. Sizwe analizika jina lake na kuitwaa pasi ya maiti iliyookotwa njiani, ili apate ruhusa ya kufanya kazi. Msomaji wa Kenya, ambaye babu yake alining'inizwa kipande shingoni, hahitaji tanbihi hapa. Kani aliigiza Styles, mpiga picha, na pia Buntu. Tamthilia inafunguliwa na usemi mrefu wa Styles kuhusu siku mkubwa wa Ford alipozuru kiwanda. Msimamizi mzungu anatoa maagizo, Styles anayafasiri kwa wafanyakazi, na katika kufasiri anayapindua mpaka yanakuwa kejeli dhidi ya msemaji wenyewe. Mwigizaji mmoja anakuwa bwana, mkalimani na umati kwa wakati mmoja. Usemi huo ulifinyangwa mazoezini kutokana na yale Kani aliyoyaona kiwandani. Ni nani basi mtunzi wake?

Swali hili linazidi uzito katika The Island (1973), iliyotokea kwanza kwa jina la kuficha, Die Hodoshe Span, maana kuandika habari za magereza kulikuwa hatari. Wafungwa wawili wanatayarisha Antigone gerezani, na majina yao ni John na Winston. Mkusanyiko wa Statements wa mwaka 1974 uliwataja watunzi watatu. Na Tuzo ya Tony ya mwaka 1975 walipewa Kani na Ntshona kwa pamoja kwa tamthilia zote mbili. Hata hivyo, imezoeleka katika mihadhara kusema "tamthilia za Fugard" bila kusita. Huo si uzembe mdogo. Mwezi Oktoba 1976 waliotiwa mbaroni huko Transkei baada ya kuigiza Sizwe Banzi walikuwa Kani na Ntshona.

Othello ya mwaka 1987 katika Market Theatre, chini ya uelekezi wa Janet Suzman, imeshaandikiwa mengi. Lenye kina zaidi, kwa maoni yetu, ni Nothing But the Truth (2002), tamthilia ya kwanza aliyoiandika peke yake. Sipho Makhaya, mkutubi wa Port Elizabeth, anapokea majivu ya ndugu yake aliyefia uhamishoni London. Ndugu yake Kani aliuawa na polisi mwaka 1985. Kani aliigiza Sipho yeye mwenyewe, jukwaani kisha katika filamu.

Wapo watakaoziona filamu za Marekani kama mteremko. Katika Captain America: Civil War (2016) alikuwa Mfalme T'Chaka, na ni yeye aliyependekeza kwamba watu wa Wakanda waseme Kixhosa. Ni mbinu ileile ya mwaka 1972: kuingiza katika kazi lugha ambayo mswada haukuwa nayo. Mwaka 2019 alikuwa sauti ya tumbili Rafiki katika The Lion King. Mxhosa mwenye jina la Kiswahili katika filamu ya Kimarekani. Tunaliachia hapo.

Mwaka huohuo, Stratford, alicheza na Antony Sher katika Kunene and the King, aliyoiandika mwenyewe. Muuguzi Lunga Kunene anamhudumia mwigizaji mzungu anayekufa huku akijiandaa kuwa Lear. Shuleni Kunene alisomeshwa Julius Caesar peke yake, katika tafsiri. Basi anamkaririа mgonjwa wake Shakespeare kwa Kixhosa.