Baudi

Neno baudi, ambalo ni kipimo cha mabadiliko ya ishara yanayopita katika waya kwa sekunde moja, limetokana na jina la Émile Baudot (1845–1903), mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, na kwa hiyo lilizaliwa kabla ya kompyuta. Telegrafu ilifika Afrika Mashariki pia: kebo yake ya chini ya bahari kutoka Zanzibar ilifika Mombasa mwaka 1890, na reli iliyoanza kujengwa kutoka hapo mwaka 1896 ilifuatana na waya wa telegrafu kuelekea bara.

Leo neno hilo humkuta fundi anayeunganisha kompyuta na bodi ya Arduino, yaani bodi ndogo yenye kidhibiti kinachopangiwa programu. Mawasiliano hayo ni ya mfululizo: biti, yaani 0 au 1, hupita moja moja, na kwa kuwa hakuna waya wa saa unaoambatana nazo, kila upande hujihesabia muda wake. Kwa baudi 9600 biti moja huchukua takriban mikrosekunde 104. Bodi ikituma kwa kasi hiyo na kompyuta ikisoma kwa 115200, skrini hujaa alama zisizosomeka, dalili ambayo kwa kweli ni afadhali kuliko ukimya, kwani huthibitisha kwamba waya unapitisha kitu. Ukimya huelekeza kwingine: kebo ya kuchajia isiyo na nyaya za data, programu nyingine iliyoishikilia poti, au pini ya kutuma iliyounganishwa na pini ya kutuma ya upande wa pili badala ya ile ya kupokea.