Batani Zilizopelekwa Mahakamani

Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ya BlackBerry ya Waterloo, Kanada, ilizima mitambo iliyokuwa ikizihudumia simu zake za zamani, na kwa tendo hilo moja vyombo ambavyo mawaziri, mawakili na matajiri waliwahi kutembea navyo viunoni kwa fahari vikakosa uhakika wa kupiga simu, kupeleka ujumbe, hata kuomba msaada wa dharura. Kila inaporudi tarehe hiyo ni haki kuuliza ni kitu gani hasa kilichopendwa katika simu zile, maana kioo chao kilikuwa kidogo, na kamera zao hazikuwa za kujivunia.

Jawabu ni batani. Kila herufi ilikuwa na batani yake, nayo ilichongwa kwa mwinamo hata dole gumba likaitambua bila ya msaada wa jicho, na mwenye simu akaweza kuandika barua chini ya meza huku uso wake umeelekea kwa mwenyekiti kwa adabu zote. Ukikawia juu ya herufi ilikuwa kubwa. Ukiruka nafasi mara mbili nukta ilijiweka yenyewe. Na katika sanduku la barua herufi T ilikurudisha juu kabisa, B ikakuteremsha mwisho.

Asili yake inajulikana. Mike Lazaridis na Douglas Fregin waliasisi kampuni mwaka 1984, BlackBerry ya kwanza ikatoka 1999, na Barack Obama alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009 hakukubali kutengana na yake. Jacquie McNish na Sean Silcoff, katika kitabu chao cha mwaka 2015 kiitwacho Losing the Signal, wanasimulia kuwa Lazaridis alikuwa nyumbani juu ya mashine ya mazoezi alipoiona habari ya iPhone katika televisheni, Januari 2007. Mwaka uliofuata kampuni yake ilitoa Storm, simu isiyo na batani ambayo kioo chake kizima kilibonyea, na wanunuzi wengi wakaijutia.

Lakini kisa kitamu kuliko vyote ni cha Ryan Seacrest, mtangazaji mashuhuri wa televisheni ya Marekani, ambaye, kama watu wengi wa tabaka lake, alikuwa akichukua simu mbili, moja ya kuandikia na moja ya mambo mengine yote. Yeye na mwenzake Laurence Hallier wakaunda Typo, ganda la kuvisha iPhone lenye batani upande wa chini, kwa bei ya dola 99. BlackBerry, ambayo Desemba 2013 ilikuwa imetangaza hasara ya dola bilioni 4.4 katika robo moja ya mwaka, ilikwenda mahakamani Januari 2014 kudai kwamba batani zile ni zake. Machi ya mwaka huo Jaji William Orrick wa San Francisco alizuia Typo isiuzwe. Amri ikakiukwa, na mwaka 2015 wakaidi wakatozwa dola 860,600. Mwishowe pande mbili zilisikilizana: Typo isitengeneze tena batani za chombo ambacho kioo chake hakifiki inchi 7.9. Kampuni iliyokimbiwa na wateja ilikuwa bado na kitu kimoja ambacho wengine walikihusudu, nayo ililijua hilo.

Taksiri naiona kwa wenye viwanda, walioziacha batani ilhali ufundi wa kuandika haukuzidi. Walitaka uwanja mpana wa kutazamia picha na kuuzia bidhaa, basi. Tangu hapo simu ya kupangusa hutukisia maneno, na mwandishi wa Kiswahili aghalabu hukuta neno lake safi limegeuzwa Kiingereza asichokikusudia.

BlackBerry iliacha kujitengenezea simu mwaka 2016, na TCL ya China ikaliendeleza jina hilo kwa miaka michache. Mwaka 2024 Michael Fisher na Kevin Michaluk, huyu wa pili akiwa ni mpenzi wa BlackBerry wa siku nyingi, walileta Clicks, ganda la iPhone lenye batani, kwa dola 139, na mwaka uliofuata wakatengeneza la simu za Android.