Neno la leo: Shina

Mkulima wa Masisi, huku kwetu Kongo, akikata mti huacha shina. Mvua ikinyesha, machipukizi hutoka. Msitu wa Walikale nao umesimama juu ya mashina. Ndiyo maana nalipenda jina seli shina: seli zenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Watafiti wanazijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi, ambacho madaktari wetu hukiita AVC kwa Kifaransa. Tegemeo lao kubwa si kuchipusha ubongo mpya, bali seli hizo zitoe kemikali za kutuliza uvimbe na kulinda sehemu iliyonusurika. Bado ni majaribio. Basi mkiona dalili za kiharusi, yaani uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, mkimbizeni mgonjwa hospitali. Shina hulindwa kabla halijakauka.