Mawese kwenye midomo: neno la kipwa kutoka Nyangwe

Kila mwaka kipwa kinapoingia kwetu Nyangwe, Kasongo na Kabambare, kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane, midomo ya watoto inaanza kupasuka. Mvua imekwisha, vumbi ni mingi, jua la saa sita linachoma. Kipwa kimoja nilimwona darasani binti mgeni, ametoka kijijini, amepaka midomo mafuta ya mawese. Wenzake wakacheka: « Huyu anatoka jikoni! » Binti akajifuta kwa mkono, hakuinua kichwa tena mpaka kengele. Siku ile somo lilikuwa la historia. Nikafunga daftari, nikawauliza: « Munajua munacheka nini? » Maandiko haya ni jibu nililowapa, nimelirefusha kidogo.

Soko la Nyangwe

David Livingstone alifika Nyangwe mwezi wa tatu mwaka 1871. Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu na Waungwana waliotoka pwani. Alikaa miezi akitafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba, na kitu alichopenda kutazama ni soko. Wamama Wagenya walileta samaki na vyungu, wakabadilisha na muhogo, kuku, chumvi na mafuta ya mawese. Stanley, aliyepita hapa mwaka 1876, naye aliandika orodha ndefu ya vitu vya soko hilo, na ndani yake kuna ngazi, mawese na asali. Basi mawese yalikuwa mali ya kubadilishana, mali ya heshima. Mafuta yaleyale yaliingia chunguni na yalipakwa mwilini.

Soko hilo lina kilio pia. Tarehe 15 Julai 1871, watu kama 1.500 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wamama. Watu wa wafanyabiashara wakaanza kuwapiga bunduki. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Ndiyo maana ninasema: anayecheka mawese ya Nyangwe, akumbuke kwanza wale waliokuja sokoni asubuhi ile na vikapu vyao kichwani.

Kwa nini mdomo unapasuka

Ngozi ya mdomo ni nyembamba, tena haina vile vijishimo vinavyotoa mafuta kama ngozi ya uso. Kwa hiyo maji yake yanatoka upesi hewa ikiwa kavu. Mtoto akisikia ukavu, analamba. Mate yanakauka, yanaondoka na maji ya ngozi, na mdomo unauma zaidi. Koko wangu hakusoma shule, lakini alitukemea: « Usilambe, itapasuka! » Kisha alichovya kidole katika mawese, akatupaka kidogo tu, usiku, kabla ya kulala. Kwa watoto wachanga alitumia mafuta ya kokwa, yale yanayokaangwa mpaka yawe meusi.

Alikuwa na haki. Mafuta hayaleti maji. Yanafunga njia ili maji yasitoke. Mawese yanafaa kwa kazi hiyo sababu ni mazito, asubuhi ya baridi yanaganda. Lakini mtu asiyekunywa maji, hata ajipake debe zima, midomo yake itabaki mikavu.

Mafuta yaliyosafiri

Wabeleji waliteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893. Mwaka 1911 serikali yao ilimpa Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni, haki ya kukusanya ngazi katika sehemu kubwa za Kongo, kama Lusanga, iliyoitwa Leverville. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na malipo madogo ya ngazi yalikuwa moja ya sababu. Mafuta yetu yalikwenda Ulaya, yakarudi sabuni ya kuuzwa.

Vaseline nayo ilipewa hati na serikali ya Marekani mwaka 1872, kwa jina la Robert Chesebrough. Inatoka katika petroli. Siikatai: inafanya kazi ileile ya kufunga maji. Ninachokataa ni kuamini kwamba kitu cha butiki ni cha akili, na cha nyumbani ni cha ujinga. Mawazo hayohayo ndiyo yanawapeleka mabinti kununua pomadi za kujichubua, zinazoharibu ngozi kabisa.

Tukumbuke pia vita vya 1998 mpaka 2003. Njia zilifungwa, butiki zikabaki mbao tupu. Wakati ule nani alicheka mawese? Yalipika, yaliwasha taa, yalitengeneza sabuni, yalilainisha midomo ya wakubwa na wadogo.

Neno la mwisho

Paka mawese masafi, yasiyochanganywa na kitu, kidogo, usiku. Kunywa maji. Usilambe, usibandue ngozi kwa meno. Kidonda cha pembeni mwa mdomo kisipopona, nenda kituo cha afya. Hapo mawese hayatoshi.

Na vijana, waulizeni makoko wenu namna ya kukamua mawese na kukaanga kokwa, muandike. Wakiondoka hawa, hakuna butiki itakayotuuzia ujuzi wao.