Siri ya Mteja na Daftari la Benki

Siri ya mtungi aijuaye kata. Na kwa mwenye fedha zake benki, kata hiyo ni karani. Huyo ndiye ajuaye mshahara uliingia lini, ulitoka lini na ulikwenda kwa nani. Lakini siku hizi karani haridhiki na ayaonayo ndani ya mtungi. Huuliza pia: unaishi wapi, unafanya kazi gani, fedha hizi umezipata wapi, huyu unayempelekea ni nani wako? Wapo wanaojibu kwa hasira na wapo wanaojibu kwa khofu. Maswali hayo yana historia yake, nayo si ndefu.

Katika Unguja ya karne ya 19, mtu aliyekopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi kabla ya kwenda bara kutafuta pembe hakujaza fomu. Alijulikana kwa ukoo wake, kwa mtaa wake, au kwa mdhamini aliyekuja naye. Tusiitukuze mno hali ile. Mahisabu yaliandikwa aghalabu kwa Kigujarati, kwa hati ambayo wadaiwa wengi hawakuweza kuisoma. Siri ilikuwapo, ila ilikuwa ni mali ya mwenye daftari, wala si ya mteja.

Fikra ya kwamba siri ni haki ya mteja, tena haki awezayo kuidai mahakamani, ilipata msingi wake Uingereza katika kesi ya Tournier, iliyoamuliwa Disemba 1923 na kuingia katika ripoti za sheria za 1924. Kisa chenyewe ni cha fedha kidogo mno. Bwana Tournier alikuwa amechukua katika akaunti yake pauni 9 na shilingi kadhaa zaidi ya alizoweka. Akaahidi kulipa pauni moja kila wiki, na akaandika jina na anwani ya waajiri wake wapya, kampuni ya Kenyon, ambako alikuwa akienda kuuza bidhaa kwa mkataba wa miezi mitatu. Malipo yakakatika. Kisha ikapita hundi ya pauni 45 iliyoandikwa kwa jina lake, naye badala ya kuitia katika akaunti yake akampa mtu mwingine. Meneja alipouliza benki ya pili, akaambiwa kuwa aliyeipokea ni mtu wa kuchezesha kamari. Basi akawapigia simu waajiri, akitafuta anwani ya nyumbani ya mdaiwa wake, na katika mazungumzo akawaeleza kwamba mfanyakazi wao ana deni na anadhaniwa kuwa mcheza kamari. Mkataba ulipokwisha, Tournier hakuongezewa.

Mahakama ya Rufaa iliamuru kesi isikilizwe upya. Majaji Bankes, Scrutton na Atkin walikubaliana kwamba mapatano ya benki na mteja yanabeba ndani yake wajibu wa kutunza siri, hata kama hakuna aliyeuandika. Bankes akataja milango minne ambayo siri inaweza kutokea: sheria ikilazimisha, wajibu kwa umma ukidai, maslahi ya benki yenyewe yakihitaji, na mteja akiridhia. Hukumu hiyo ikawa ndiyo marejeo katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, na zetu zimo. Lakini mlango wa kwanza hauna kizingiti. Upana wake hutegemea ni sheria ngapi zitakazotungwa baadaye, na mwaka 1923 zilikuwa chache. Na jambo jengine ambalo wanasheria hulipita haraka: anwani ya waajiri aliyoitumia meneja ni ileile aliyoitoa Tournier mwenyewe alipoahidi kulipa deni. Aliitoa kwa sababu moja, ikatumika kwa nyengine.

Uswisi ilikwenda mbali zaidi ya Uingereza. Sheria yake ya mabenki ya Novemba 1934, katika kifungu cha 47, ilifanya kuvujisha siri ya mteja kuwa ni kosa la jinai. Husemwa mara nyingi kwamba ilitungwa ili kuwahifadhi Wayahudi na Wanazi. Ni hadithi ya kupendeza, ila iliyotangulia ni kashfa ya Paris ya 1932, pale polisi walipoingia katika ofisi ya Basler Handelsbank na kukuta majina ya wakubwa wa Kifaransa waliokuwa wakikwepa kodi. Baada ya vita, siri ileile iliwageukia warithi wa Wayahudi. Baadhi yao walipokwenda kuulizia akiba za wazazi wao walidaiwa hati za vifo, kana kwamba Auschwitz ilikuwa ikitoa hati. Mwaka 1998 mabenki mawili makubwa ya Uswisi yalikubali kulipa dola bilioni 1.25 kumaliza madai hayo. Wakongo nao wana la kusema. Mwaka 2009 Uswisi ilishindwa kuendelea kuzizuia faranga milioni 7.7 za Mobutu, zikaachiwa warithi wake.

Kwa hiyo anayetetea siri ya benki na aanze kwa kujibu ni siri ya nani. Maswali ya karani hayakuzuka kwa uchokozi. Yalizuka kwa sababu hazina za nchi zilikuwa zikiporwa na mabenki yakinyamaza.

Marekani ilishika njia ya kinyume, na ikaipa jina la kuchekesha. Sheria iitwayo ya Siri ya Benki, ya mwaka 1970, kazi yake ni kuifichua siri hiyo: benki iweke kumbukumbu za wateja, na iiarifu serikali kila ipokeapo au itoapo fedha taslimu zaidi ya dola 10,000. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu miaka ya 1970, ilhali thamani ya dola imeshuka sana, na kwa hivyo wavu unazidi kunasa vidagaa. Mwaka 1976, katika kesi ya Miller, mtu aliyeshitakiwa kwa pombe isiyolipiwa kodi, Mahakama ya Juu ilisema kuwa kumbukumbu zile ni za benki, wala mteja hana haki ya kikatiba juu yake. Ni kauli ambayo mwenye daftari wa Unguja angeielewa mara moja. Bunge la nchi hiyo lilijaribu kuziba pengo mwaka 1978, lakini sheria ya 1992 ikaleta wajibu mpya: benki itoe taarifa ya muamala unaotiliwa shaka, na imfiche mteja kwamba ametolewa taarifa.

Njia hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Mwaka 1989 nchi tajiri, zilipokutana Paris, ziliunda kikosi kazi cha kupambana na utakasishaji wa fedha haramu. Mwaka 1999 ukaundwa Arusha umoja wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika wa kusimamia kanuni hizohizo, makao yake yakawa Dar es Salaam. Baada ya Septemba 11, 2001, hima ikaongezeka. Mwaka 2006 Tanzania ilitunga sheria mbili ambazo ni vyema kuzisoma pamoja. Ya mabenki inawaamuru watumishi watunze siri ya mteja, isipokuwa pale sheria au desturi za mabenki zinapolazimu kuitoa. Sauti ya Bankes inasikika humo. Ya fedha haramu inawaamuru watoe taarifa ya mteja wamshukuye, na inakataza kumjuza. Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2009. Na Oktoba 2022 Tanzania ilitiwa katika orodha ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu, ikatolewa Juni 2025. Katika muda huo karani asiyeuliza alikuwa akiitia hatarini nchi nzima.

Hapo ndipo kimya kilipogeuka. Kimya cha Tournier kilikuwa ni cha benki mbele ya watu, kwa ajili ya mteja. Kimya kipya ni cha benki mbele ya mteja. Katika pwani hii tumeshaona shaka inavyoweza kutangulia ushahidi: Novemba 2001 Marekani ilizuia fedha za Al-Barakaat, shirika kubwa la kupeleka fedha za Wasomali makwao, na mwaka 2004 wachunguzi wa tume yao wenyewe walieleza kuwa madai ya kufadhili ugaidi hayakuthibitishwa. Mama aliyekuwa akingojea fedha za mwezi kutoka kwa mwanawe hakuwa na wa kumuuliza.

Wala fomu haiwapimi watu sawasawa. Tajiri huandikiwa majibu na wakili wake. Mvuvi ambaye nyumba yake haina namba, na ambaye fedha zake huja kwa bamvua na kukauka kwa kusi, huulizwa chanzo cha kipato na anwani ya makaazi kwa lugha ileile. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 imempa haki ya kuuliza anaandikwa nini, na taarifa zake zinatumika kwa jambo gani. Tournier alishitaki kwa sababu alikuja kujua ile simu ilipigwa. Anayetolewa taarifa kwa kificho hajui kwamba ana la kushitakia.